Elizabeth Garrett Anderson na Bodi ya Shule ya London

Elizabeth Garrett Anderson (9 Juni 1836 – 17 Desemba 1917) alikuwa daktari Mwingereza na mmoja wa wanawake wawili wa kwanza kuchaguliwa katika Bodi ya Shule ya London, mwaka 1870. Umaarufu wake mkubwa ni wa udaktari. Makala hii inahusu siasa zake za mitaa, ingawa mambo hayo mawili hayatengani kwa urahisi, maana mtaji wake wa kura ulikuwa wagonjwa wake.

Asili na masomo

Alizaliwa Whitechapel, mashariki mwa London, ambako baba yake, Newson Garrett, alikuwa na duka la rehani. Familia ilihamia Aldeburgh, pwani ya Suffolk, na huko mzee akageukia nafaka, makaa ya mawe na kimea cha kutengenezea bia. Maghala aliyoyajenga katika kijiji cha Snape yapo hadi leo. Fedha hizo ndizo zilizomlipia binti masomo pale vyuo vilipomfungia milango. Mdogo wake, Millicent Fawcett, ndiye aliyekuja kuongoza harakati za wanawake kudai kura.

Mwaka 1859 Elizabeth alihudhuria mihadhara ya Elizabeth Blackwell, mwanamke wa kwanza kupata shahada ya udaktari Marekani, na mwaka uliofuata akaingia hospitali ya Middlesex kama muuguzi huku akijipenyeza kwenye madarasa. Wanafunzi wa kiume waliandika barua ya kumpinga, naye akaondolewa. Alisoma kwa walimu binafsi, kisha akaomba kufanya mtihani wa chama cha wauza dawa cha London, ambacho kanuni zake hazikutaja jinsia. Chama kilipotaka kurudi nyuma, mzee Garrett alitishia kukipeleka mahakamani. Elizabeth alifaulu mwaka 1865. Baada ya hapo chama kikabadilisha kanuni ili mwanamke mwingine asipite njia ileile. Shahada ya udaktari aliipata Paris mwaka 1870, kwa mtihani alioufanya kwa Kifaransa.

Zahanati ya Seymour Place

Mwaka 1866 alifungua zahanati ya wanawake na watoto huko Seymour Place, Marylebone, magharibi mwa London. Mgonjwa alitoa peni moja. Katika mwaka wa kwanza walifika wagonjwa wapya wapatao 3,000, na mahudhurio yote yalikuwa kama 9,300. Kwa mwanasiasa, takwimu hizo zina maana nyingine: maelfu ya nyumba katika eneo moja zilikuwa zinamjua kwa sura na kwa kazi, miaka minne kabla hajawa mgombea wa chochote.

Mwaka huohuo wa 1866 yeye na rafiki yake Emily Davies walipeleka bungeni ombi la wanawake wapatao 1,500 waliotaka haki ya kupiga kura. Kabla ya kulikabidhi kwa mbunge John Stuart Mill, walilificha chini ya meza ya mama muuza matufaha ndani ya Westminster Hall, kwa kuona haya ya kushika furushi kubwa vile mbele za watu.

Uchaguzi wa 1870

Sheria ya elimu ya mwaka 1870, iliyopewa jina la waziri W. E. Forster, iliunda bodi za kujenga na kuendesha shule za msingi mahali ambapo shule za makanisa hazikutosha. Msomaji asiifananishe bodi hii na kamati ya shule ya kijijini kwetu. Bodi ya London ilisimamia jiji zima, iliweza kutoza kodi kupitia halmashauri za mitaa, na wajumbe wake 49 walichaguliwa kila baada ya miaka mitatu. Wanawake waliolipa kodi ya mtaa kwa majina yao waliruhusiwa kupiga kura, na mwanamke yeyote aliweza kugombea, wakati ambapo bungeni hawakuwa na haki hata moja kati ya hizo.

Garrett hakujitokeza mwenyewe. Alifuatwa na chama cha wafanyakazi wanaume wa Marylebone, ambao wake na watoto wao walitibiwa kwenye zahanati yake, wakamwomba asimame. Kamati ya kampeni iliongozwa na James Skelton Anderson, mfanyabiashara wa meli aliyefahamiana naye kupitia hospitali ya watoto ya Shadwell. Kampeni ilimlazimu kuhutubia mikutano ya hadhara, jambo ambalo wanawake wachache sana wa Uingereza walikuwa wamelizoea. Davies naye aligombea Greenwich.

Alikuwa na doa moja machoni pa baadhi ya wanawake wenzake. Mapema mwaka huohuo alitetea hadharani sheria zilizoruhusu polisi kuwakamata wanawake waliodhaniwa kuwa makahaba na kuwapima magonjwa ya zinaa kwa nguvu. Josephine Butler na wenzake walizipinga sheria hizo kwa hasira. Garrett alizitazama kwa jicho la daktari wa watoto wanaozaliwa wagonjwa, na kwa maoni ya mwandishi huyu hapo aliona nusu ya tatizo tu. Hata hivyo jambo hilo halikumwangusha Marylebone.

Kura zilipigwa tarehe 29 Novemba 1870, kwa siri isipokuwa katika eneo la kale la City, miaka miwili kabla ya kura ya siri kuwa sheria katika chaguzi za bunge. Garrett alipata kura 47,858. Hakuna mgombea mwingine London nzima aliyemfikia. Katika jimbo hilohilo la Marylebone mwanasayansi mashuhuri Thomas Huxley alichaguliwa kwa kura 13,494.

Idadi ya kura za Garrett hutajwa mara nyingi bila maelezo, na hivyo hupotosha. Marylebone ilikuwa na viti saba, na kila mpiga kura alikuwa na kura saba, akiwa huru kuzigawa apendavyo au kumwagia mtu mmoja zote. Kwa hiyo 47,858 si idadi ya watu. Kama wote waliomuunga mkono wangempa saba kamili, wangekuwa 6,837 tu. Ukweli uko mahali fulani kati ya idadi hizo mbili. Mfumo huo ulikusudiwa kuyalinda madhehebu madogo ya dini, lakini ulimfaa sana mgombea mwenye wafuasi wachache walioshikamana naye kweli, na Garrett alikuwa nao mtaani. Hata kwa hesabu hiyo, kumpita Huxley zaidi ya mara tatu si jambo la kubahatisha.

Miaka ya bodi na baada yake

Bodi ilianza vikao Guildhall chini ya Lord Lawrence, aliyewahi kuwa mtawala wa India. Ilibishana sana kuhusu Biblia darasani, na ilitunga kanuni za kuwalazimisha watoto kuhudhuria shule. Tarehe 9 Februari 1871 Garrett aliolewa na mwenyekiti wa kamati yake ya kampeni, na kiti chake hakukiacha. Mwaka 1872 zahanati ikawa hospitali yenye vitanda kumi, na Julai 1873 akamzaa Louisa, aliyekuja kuwa daktari wa upasuaji. Uchaguzi wa Novemba 1873 ulipofika hakugombea tena. Mdogo wake, Alice Cowell, alichaguliwa kuingia bodini.

Bodi ilivunjwa mwaka 1904 na shule zikakabidhiwa baraza la jiji, ambako wanawake hawakuruhusiwa kugombea. Wakarudi kuwa wajumbe wa kuteuliwa tu kwenye kamati za elimu, baada ya miaka 34 ya kuchaguliwa. Kizuizi hicho cha mabaraza kiliondolewa na sheria ya mwaka 1907. Novemba 1908, akiwa na umri wa miaka 72 na mjane, Elizabeth Garrett Anderson alichaguliwa kuwa meya wa Aldeburgh, kiti ambacho baba yake na mumewe waliwahi kukikalia, akawa mwanamke wa kwanza kuwa meya nchini Uingereza.