Monita ghali za michezo ya kompyuta: Je, thamani yake yalingana na bei?

Monita zilizoundwa mahsusi kwa ajili ya michezo ya kompyuta zimekuwa bidhaa ya anasa, na zile za daraja la juu huweza kumgharimu mnunuzi zaidi ya kompyuta yenyewe. Watengenezaji huahidi picha zenye kasi na rangi zilizo hai. Lakini je, mchezaji wa kawaida hupata faida inayolingana na fedha anazotoa?

Swali hili huzikabili familia nyingi katika mitaa kama Crescent Town, mashariki mwa jiji la Toronto, Canada. Mtaa huo wa maghorofa marefu ulijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwenye ardhi iliyokuwa ya familia ya Massey, na umeunganishwa kwa daraja la waenda kwa miguu na kituo cha treni cha Victoria Park. Wakazi wake wengi ni wahamiaji, hasa kutoka Asia ya Kusini. Majira ya baridi huwaweka vijana ndani kwa miezi kadhaa, na mchezo wa kompyuta huwa ndio uwanja wao. Kijana anapodai kwamba hushindwa kwa sababu ya kioo chake duni, mzazi hulazimika kupima dai hilo dhidi ya kodi ya nyumba, nauli, na fedha zinazosubiriwa na jamaa walio Afrika Mashariki.

Bei iliyobandikwa dukani nayo si bei ya mwisho. Jimbo la Ontario hutoza kodi ya mauzo ya asilimia 13, kwa hiyo monita ya dola 1,000 za Canada hulipiwa dola 1,130.

Kasi ina maana gani?

Sifa inayotangazwa zaidi ni idadi ya mara ambazo monita hubadilisha picha katika sekunde moja, nayo hupimwa kwa hezi. Monita ya kawaida ya ofisini hubadilisha picha mara 60. Za michezo huanzia 120 au 144, kisha hupanda hadi 240, 360 na hata zaidi.

Hesabu ndogo hufafanua kinachonunuliwa. Katika hezi 60, kila picha hukaa kiooni kwa milisekunde 16.7. Katika hezi 144 hukaa kwa milisekunde 6.9, katika hezi 240 kwa 4.2, na katika hezi 360 kwa 2.8. Anayetoka 60 kwenda 144 huokoa karibu milisekunde 10, na tofauti hiyo wengi huiona mara tu wanaposogeza kipanya. Anayetoka 144 kwenda 240 huokoa chini ya milisekunde 3. Anayetoka 240 kwenda 360 huokoa milisekunde 1.4 tu. Faida hupungua kwa kila hatua, ilhali bei huzidi kupanda.

Aidha, monita haitengenezi picha, bali huzionyesha. Picha hutengenezwa na kadi ya michoro iliyomo ndani ya kompyuta. Kadi inayoweza kutoa picha 70 tu kwa sekunde haitaipatia monita ya hezi 240 cha kuonyesha. Hali ni hiyo hiyo kwa wingi wa nukta za picha: kioo cha 4K kina nukta 8,294,400, mara nne ya zile za kioo cha 1080p. Anayenunua kioo hicho bila kadi yenye nguvu huweza kuuona mchezo wake ukienda polepole kuliko awali.

Mchezo gani unachezwa?

Katika michezo ya kulenga shabaha kama Counter-Strike, ambamo ushindi huamuliwa kwa kufumba na kufumbua, wachezaji wa kulipwa hutumia monita za kasi kubwa, na wana sababu ya kufanya hivyo.

Lakini si kila mchezo uko hivyo. Sylvia Gathoni wa Kenya, ajulikanaye kama QueenArrow, alisajiliwa mwaka 2018 na timu ya Uingereza ya XiT Gaming kutokana na umahiri wake katika mchezo wa mapigano wa Tekken. Tekken 7, na hata Tekken 8 iliyotoka mwaka 2024, huendeshwa kwa picha 60 kwa sekunde katika pambano, wala haizidi hapo. Kwa mchezo huo, monita ya hezi 360 haimwonyeshi mchezaji picha hata moja zaidi. Huweza tu kupunguza kidogo ucheleweshaji. Mazoezi na kifaa bora cha kuchezea humsaidia zaidi.

Wanaocheza kwa mashine ya PlayStation 5, iliyoingia sokoni mwaka 2020, nao wajue kwamba ukomo wake ni hezi 120. Monita ya 240 haiwaongezei kasi.

Umbali wa intaneti

Kwa wachezaji walioko Afrika Mashariki liko jambo jingine. Wengi huunganishwa na kompyuta za michezo zilizoko Ulaya au Afrika Kusini. Nyaya za baharini zilizofika pwani ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2009 zimeleta nafuu kubwa, lakini haziwezi kuufuta umbali. Mwanga ndani ya nyaya hizo husafiri takriban kilomita 200 kwa milisekunde moja. Kutoka Nairobi hadi London ni kama kilomita 6,800 kwa mstari ulionyooka, hivyo kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 68, na njia halisi ya nyaya ni ndefu zaidi. Mbele ya kiasi hicho, milisekunde 1.4 inayouzwa kwa mamia ya dola ni tone baharini.

Rangi na uhai wa kioo

Sababu nyingine ya bei kubwa ni ubora wa picha. Vioo vya OLED huzima kila nukta kivyake, hivyo weusi wake ni weusi hasa na mwendo wa picha ni safi. Hapa mnunuzi huona tofauti ya kweli, hata anapotazama filamu. Kasoro yake ni kwamba picha isiyobadilika kwa saa nyingi, kama vile orodha ya programu chini ya kioo, huweza kuacha alama ya kudumu. Kijana anayekitumia kioo hicho hicho kwa masomo kutwa nzima hana budi kuuliza kama dhamana inagusa alama hizo.

Ukubwa nao hutegemea chumba. Monita ya inchi 27 ina upana wa sentimita 60 hivi, nayo humtosha anayekaa mbele ya meza ndogo katika chumba anachochangia na nduguye. Kubwa zaidi humlazimu kugeuza shingo.

Subira hulipa

Historia ya bidhaa hizi ni ya bei kushuka. Mwaka 2014 kampuni ya Asus ilitoa monita ya inchi 27 yenye nukta 2560 kwa 1440 na kasi ya hezi 144, kwa dola 799 za Marekani. Leo monita zenye sifa kama hizo hupatikana kwa chini ya dola 300. Mwaka 2018, za kwanza za 4K zenye hezi 144 ziliuzwa kwa dola 2,000. Nazo zimeshapitwa na za bei ndogo zaidi.

Anayekusudia kumpelekea ndugu monita nyumbani atazame maandishi yaliyo nyuma yake. Yakisomeka volti 100 hadi 240, itafanya kazi Dar es Salaam kama ifanyavyo Toronto, mradi waya wenye plagi ubadilishwe. Kidhibiti umeme ni cha lazima pale ambapo umeme hupanda na kushuka. Ushuru na kodi za forodha navyo viingizwe katika hesabu kabla mzigo haujafungwa.

Hitimisho

Kwa walio wengi, hatua yenye faida ni ile ya kwanza: kuacha hezi 60 na kuchukua monita ya hezi 144 au zaidi, ya inchi 24 hadi 27, yenye uwezo wa kuoanisha mwendo wake na kadi ya michoro. Zinazofuata ni za wanaoshindana kwa fedha, na za wenye kompyuta yenye nguvu na kipato cha ziada.

Kabla ya kununua, kijana na mzazi wake waketi pamoja na kujibu maswali matatu: mchezo wenyewe hutoa picha ngapi kwa sekunde, kadi ya michoro inaweza kutoa ngapi, na intaneti huchelewa kwa kiasi gani. Majibu hayo hupatikana bure, katika kompyuta ile ile iliyopo mezani.