Miaka 12 bila halmashauri

Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilifutwa kwa jina zuri: Madaraka Mikoani. Kweli madaraka yalifika mikoani, lakini yakabaki mikononi mwa maofisa. Mkoa wetu wa Rukwa ulipozaliwa mwaka 1974, halmashauri hizo hazikuwepo. Mtu wa Kate mwenye swali juu ya barabara au zahanati alimkuta ofisa ambaye hakumchagua wala hangeweza kumwondoa. Halmashauri hizo zilirudi mwaka 1984. Leo sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji kila miezi 3, nasi hatuendi. Mjini ndiyo kabisa. Wazee wetu walinyimwa kikao miaka 12. Sisi tunakiacha kwa hiari, kisha tunalalamika.