Jina jema la benki: Linavyohesabiwa na kikomo chake

MFUGAJI anapouza ngamia katika soko la mifugo la Garissa, fedha zake huzipeleka kwa benki anayoiamini. Imani hiyo ina thamani, lakini haimo katika vitabu vya benki husika. Kanuni za uhasibu haziruhusu benki kujiandikia thamani ya jina jema ililojijengea yenyewe. Thamani hiyo huandikwa tu benki inaponunuliwa, tena katika hesabu za mnunuzi.

Mabadiliko kama hayo ya umiliki yalitokea mnamo Machi 2023, Benki Kuu ya Kenya (CBK) ilipotangaza kwamba Premier Bank ya Somalia imenunua asilimia 62.5 ya hisa za First Community Bank. Benki hiyo, yenye tawi mjini Garissa, ilianza kazi mwaka 2008 ikiwa miongoni mwa benki mbili za kwanza nchini kufuata kikamilifu sharia ya Kiislamu, ambayo huharamisha riba.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukulia benki yenye mali ya Sh20 bilioni na madeni ya Sh16 bilioni, zikiwemo amana za wateja. Ikinunuliwa yote kwa Sh5 bilioni, mnunuzi amepata mali halisi ya Sh4 bilioni. Ile Sh1 bilioni ya ziada ndiyo thamani ya jina jema. Iwapo amenunua sehemu tu ya hisa, thamani ya hisa za wenye benki waliosalia hujumlishwa na bei kabla ya kutoa mali halisi. Bei ikiwa chini ya mali halisi, tofauti hiyo huhesabiwa kuwa faida ya mnunuzi, baada ya kukagua upya makadirio yake.

Hadi mwaka 2004, kanuni za kimataifa ziliagiza thamani hiyo ipunguzwe kidogo kidogo kila mwaka, kwa kawaida katika muda usiozidi miaka 20. Tangu wakati huo, hupimwa angalau mara moja kwa mwaka. Ikibainika kwamba imeshuka, hasara huandikwa mara moja na haiwezi kurejeshwa baadaye, hata biashara ikinawiri tena.

Kwa mwenye akaunti, la muhimu zaidi ni kwamba Sheria ya Benki huitoa thamani hiyo katika hesabu ya mtaji wa msingi. Sababu ni wazi: mikopo isipolipwa, jina jema haliwezi kuuzwa peke yake ili wateja warudishiwe amana.

Suala hili linazidi kuwa na uzito kwa kuwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2024 yaliongeza kiwango cha chini cha mtaji wa msingi kutoka Sh1 bilioni hadi Sh10 bilioni, kwa awamu, ifikapo mwisho wa 2029. Benki ndogo zinazotafuta wabia zinaweza kuuza sifa zao kwa bei nzuri, lakini mnunuzi hawezi kuihesabu sifa hiyo kuwa mtaji. Mtaji huo sharti utokane na fedha za wenye hisa na faida iliyowekwa akiba.