Msanifu wa Uasin Gishu na Njia za Waliomfuata

Mwaka 1956 wapigakura wa Uasin Gishu walimchagua msanifu majengo awawakilishe katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya. Aliitwa Dorothy Hughes, mzaliwa wa London aliyekulia Kenya, akarudi Uingereza kusomea usanifu, kisha akaja kuendesha kampuni yake mwenyewe Nairobi, jambo ambalo hakuna mwanamke aliyekuwa amelifanya Afrika Mashariki kabla yake. Wapigakura hao, bila shaka, walikuwa Wazungu watupu. Waliokuwa wakikata miwati na kubambua magome yake katika nyanda hizi, ikiwemo sehemu tunayoiita Kesses leo, hawakuulizwa lolote. Waafrika walisubiri hadi Machi 1957 ndipo wakapata kuchagua wajumbe wao wachache.

Hughes hakuacha usanifu kwa kuingia siasa. Kampuni yake ndiyo iliyochora Kanisa Kuu la Familia Takatifu, lile jengo refu la kijivu katikati ya Nairobi lililojengwa kati ya 1960 na 1963. Papo hapo alikuwa akipigania maslahi ya watu wenye ulemavu. Kwa hiyo mzazi wa Kesses anapomuuliza mwanawe kozi ya usanifu itamfikisha wapi, zaidi ya kuchorea watu nyumba, historia ya kaunti yake mwenyewe ina jibu la zamani. Kutoka ndani ya taaluma hii kuelekea kwingine hakujawahi kuwa tatizo kubwa nchini. Kuingia ndiko kulikokuwa na kazi.

Tuanze na sheria. Sheria ya Wasanifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi ilianza kutumika mwaka 1934, wakati koloni halikuwa na shule hata moja ya kufundisha kazi hiyo. Ilisema nani aruhusiwe kujiita msanifu, ikaunda bodi ya kuwasajili, na kwa kuwa mafunzo yenyewe yalipatikana ng'ambo, mlango ukawa umefungwa kwa asiyeweza kupanda meli. Majengo makubwa ya serikali ya enzi hiyo yalichorwa na watu kama Herbert Baker, aliyejipatia jina Afrika Kusini na India kabla ya kuleta nguzo zake Nairobi. Mafundi Waafrika na Wahindi waliyajenga kwa mikono yao, wakajua kila kona yake, lakini daftari la bodi halikuwahusu.

Si kwamba nyanda hizi zilikosa wajenzi. Uasin Gishu imejaa mashimo ya Sirikwa, mazizi ya mviringo yaliyochimbwa ardhini na kuzungushiwa kingo au kuta za mawe, ya karne nyingi kabla ya mlowezi wa kwanza kufika. Zizi lilikaa shimoni, nyumba ikabandikwa ubavuni, na mlango ukawekwa mahali ambapo ng'ombe asingeweza kutolewa bila mwenyewe kujua. Huo ni usanifu uliofikiriwa vizuri, hata kama hakuna aliyeupigia mhuri.

Shule ilikuja miaka 22 baada ya sheria. Mnamo Aprili 1956 chuo cha Royal Technical College kilipokea wanafunzi wake wa kwanza Nairobi, na usanifu ukawa miongoni mwa masomo yake. Chuo hicho ndicho kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970. Kilihudumia eneo zima: kijana wa Kampala au wa Dar es Salaam aliyetaka kusomea usanifu bila kwenda Ulaya alipanda gari moshi au basi kuja Nairobi. Makerere ilianzisha idara yake mwaka 1989, na Dar es Salaam ikapata masomo hayo katika Chuo cha Ardhi, ambacho kilipandishwa kuwa chuo kikuu mwaka 2007.

Mkenya Mwafrika wa kwanza kuwa msanifu hata hivyo hakupitia Nairobi. David Mutiso alihitimu Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, mwaka 1959, akarudi na kuajiriwa katika Wizara ya Ujenzi. Uhuru ulipofika alikuwa karibu peke yake, na haukupita muda akawa msanifu mkuu wa wizara hiyo. Akiwa hapo, pamoja na Karl Henrik Nøstvik wa Norway, alisimamia mchoro wa KICC, jumba la mikutano la kimataifa jijini Nairobi. Mradi ulianza kama makao ya chama cha KANU, jengo la kiasi tu, lakini kila wakubwa walipoutazama uliongezeka kimo, hadi ukaishia kwenye ghorofa 28. Ilibidi uwe tayari kwa mkutano wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa wa mwaka 1973, na ukawahi. Nadhani hakuna somo la usanifu lililo bora kuliko hilo: mteja hubadilisha nia kila wiki, lakini siku ya kukabidhi jengo haisogei.

Kesses yenyewe iliingia katika hadithi ya vyuo kupitia mtu wa Canada, Colin Mackay. Mwaka 1981 aliongoza jopo lililopendekeza chuo kikuu cha pili nchini, kiegemee sayansi na teknolojia, na kijengwe mbali na mji mkuu. Ripoti hiyohiyo ndiyo iliyotuletea mfumo wa elimu wa 8-4-4, pamoja na masomo yake ya ufundi: useremala, ujenzi, uchoraji wa kiufundi. Chuo Kikuu cha Moi, chenye makao Kesses, kilianzishwa kwa sheria mwaka 1984, kikaanza na wanafunzi 83 wa misitu waliohamishwa kutoka Nairobi. Mashamba ya miwati yakapisha madarasa, mabweni na maktaba iliyopewa jina la Margaret Thatcher. Uhandisi ulikuja, elimu ikaja, udaktari nao ukapata makao Eldoret. Usanifu haukuwa miongoni mwa vitivo vya mwanzo. Kijana aliyelelewa kando ya uzio wa chuo na kupenda kuchora nyumba ilimbidi afunge sanduku aende Nairobi, au Juja baadaye, Chuo Kikuu cha JKUAT kilipoanza kufundisha kazi hiyo.

Wakati huohuo chuo kilizaa mji. Wanafunzi wanahitaji pa kulala pengi kuliko mabweni yanavyoweza kuwapa, na wenye mashamba ya jirani waliliona hilo mapema. Palipokuwa na mahindi pakasimama safu za vyumba: futi kumi kwa kumi, kimoja baada ya kingine, korido katikati, bomba la maji nje, mabati juu. Vya zamani ni vya mabanzi ya mbao, vya sasa ni vya mawe, na vilivyopanda bei vinaitwa bedsita kwa sababu vina choo ndani. Nyingi ya nyumba hizi hazijapitia meza ya msanifu. Fundi hufika asubuhi na kamba, vigingi na futi ya kupimia. Hupima futi 3 upande mmoja na 4 upande wa pili, kisha huhakikisha kwamba mshazari unatoa 5 kamili. Usipotoa, husogeza kigingi. Kona hutoka pembe mraba kamili kuliko za watu wengi wenye programu za kompyuta. Anachokosa fundi ni mambo mengine: kwamba korido ndefu isiyo na dirisha huwa giza saa sita mchana, na kwamba kwenye mwinuko unaozidi mita 2,000 chumba kisichopata jua ni baridi mwaka mzima.

Mambo hayo ndiyo yanayofundishwa huko chuoni, na yanafundishwa polepole. Kwa jumla safari ni ya miaka 6, siku hizi mara nyingi ikigawanywa shahada ya kwanza ya miaka 4 na ya pili ya miaka 2. Anayetoka shule ya kutwa ya Kesses akiwa na alama nzuri za hisabati na fizikia hushtuka akigundua kwamba hesabu si kitu kikubwa kule. Kikubwa ni studio. Mwanafunzi hupewa kiwanja na swali, tuseme zahanati ya kijiji, akachora, akakata kadibodi kutengeneza jengo dogo la mfano, akakesha, kisha asubuhi akabandika kazi yake ukutani na kusimama mbele ya walimu. Hapo ndipo wengi hulia kwa mara ya kwanza, maana mwalimu anaweza kuuondoa ukuta mzima kwa kidole. Anayejifunza kutenganisha mchoro na nafsi yake humaliza. Gharama nayo si ya kudharau: karatasi, uchapishaji wa michoro mikubwa na kompyuta yenye nguvu havimo kwenye karo.

Ukimaliza bado hujawa msanifu kisheria. Ile sheria ya 1934, ingawa imerekebishwa, ingali inasema jina ni la waliosajiliwa. Mhitimu hufanya kazi chini ya aliyesajiliwa, akaandika anayoyafanya, halafu akakabili mtihani wa bodi. Wapo wasioufanya kamwe, na hapa ndipo tunapowakosea kwa kuwaita walioshindwa.

Godfrey Mwampembwa, kwa mfano, aliingia Chuo cha Ardhi kusomea usanifu mwaka 1991, akakaa mwaka mmoja hivi, kisha gazeti la Nation likamwita Nairobi kuchora vibonzo. Tunamjua kwa jina la Gado, na marais kadhaa wangependa angebaki studio. Braz Menezes, Mgoa wa Nairobi aliyeshirikiana na Mutiso kuunda kampuni ya Mutiso Menezes International, alihamia Benki ya Dunia kushughulikia miji, na uzeeni akiwa Canada akaandika riwaya za Matata kuhusu Wagoa wa Afrika Mashariki. Sylvia Kasanga, msanifu pia, alikuwa seneta mteule kuanzia 2017, na mswada wake ndio uliorekebisha sheria ya afya ya akili mwaka 2022. Emma Miloyo wa JKUAT alibaki ndani ya taaluma, lakini mwaka 2017 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza Chama cha Wasanifu Majengo cha Kenya, ambacho kilikuwa kimeundwa miaka 50 kabla. Stella Mutegi na Kabage Karanja wa Cave Bureau wao waligeukia mapango ya Kenya, wakayapima kama wengine wanavyopima viwanja, na mwaka 2025 wakawa miongoni mwa waliosimamia banda la Uingereza kwenye maonyesho ya usanifu ya Venice. Banda la Uingereza! Mutiso, aliyelazimika kwenda Sheffield, sijui angesema nini kuhusu hilo.

Eldoret ilitangazwa jiji Agosti 2024, na cheo hicho kinaendelea kuvuta mawe na saruji kuelekea kusini, kwenye barabara ya Kesses. Kisheria kila ramani inapaswa kuidhinishwa na kaunti kabla ya msingi kuchimbwa. Mhitimu anayerudi nyumbani leo mshindani wake si msanifu mwenzake wa Nairobi. Ni fundi mwenye simu iliyojaa picha za nyumba za watu. Wapo wanaoanza kwa kukaa naye chini: mmoja achore, apeleke ramani kaunti na kufungua dirisha mwisho wa korido, mwingine avute kamba.