Muswada na Uongozaji katika The Last King of Scotland: Mtazamo kutoka Ludara

Filamu ya The Last King of Scotland (2006), iliyotokana na riwaya ya Giles Foden ya mwaka 1998, ina tabaka mbili zisizolingana. Katika muswada, Peter Morgan na Jeremy Brock walimweka kitovuni daktari Mskoti wa kubuni, Nicholas Garrigan, wakamfanya mpenzi wa Kay, mke wa Idi Amin. Uhusiano huo haukuwapo. Uongozaji wa Kevin Macdonald ulielekea kwingine: filamu ilipigwa Uganda, Forest Whitaker akajifunza Kiswahili, na mwishoni zikaingizwa picha halisi za Amin. Hivyo ubunifu wa muswada ulivikwa sura ya ushahidi.

Athari yake huonekana wazi kutoka Ludara, wilayani Koboko, katika nchi ya Wakakwa, kabila linalohusishwa na Amin. Kwa kuwa hadithi inakoma mwaka 1976, haigusi wakazi wa West Nile waliokimbilia Sudan na Zaire baada ya 1979, wala mauaji ya Ombaci, karibu na Arua, mwaka 1981. Mtazamaji hubaki na sura ya mtawala, si ya waliolipia utawala wake. Kwa hiyo, kabla filamu hii haijatumiwa katika elimu au sera za upatanisho, kilichobuniwa kitenganishwe na kilichorekodiwa, na simulizi za wenyeji wa Arua na Koboko ziwekwe kando yake.