Pete ya Wasioaminiwa

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Juma hili tuwakumbuke wagonjwa ambao kwa miaka mingi waliambiwa hawaumwi, na namna walivyoshikana mikono bila kutoka kitandani.

Ugonjwa wenyewe huitwa uchovu sugu. Jina hilo limewaponza wenye nao, kwani nani asiyechoka? Lakini huu si uchovu wa kutoka kazini. Mgonjwa hulala akaamka vilevile, mwili unauma, kichwa hakishiki jambo. Akijikaza kufanya kazi ndogo leo, kesho haamki.

Mwaka 1955 zaidi ya watu 200, wengi wao watumishi wa hospitali ya Royal Free jijini London, waliugua kwa mkupuo maradhi ya namna hii, hata hospitali ikafungwa kwa muda. Miaka 15 baadaye, madaktari wawili wa akili walisoma kumbukumbu za wagonjwa hao, wakaandika kuwa ilikuwa jazba ya kuambukizana. Hoja yao mojawapo ni kwamba waliougua wengi walikuwa wanawake. Mambo yakarudi yaleyale Marekani katikati ya miaka ya 1980, baada ya watu wengi kuugua katika mji wa Incline Village, jimbo la Nevada. Magazeti yakaufanyia mzaha, yakauita mafua ya vijana wenye pesa.

Sasa, mwenye kudai haki huandamana. Je, asiyeweza kusimama afanyeje?

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wagonjwa walichagua siku yao, Mei 12. Ndiyo siku aliyozaliwa Florence Nightingale, mwaka 1820. Mama huyo alirudi kutoka vita vya Crimea akiwa mgonjwa, akakaa chumbani miaka mingi, na humo chumbani akaandika barua na ripoti zilizobadilisha hospitali za Uingereza.

Kalamu ya wajukuu zake ilikuwa kompyuta. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990 kampuni ya GeoCities iligawa bure nafasi ya kuandika kurasa katika intaneti. Ilizipanga kimitaa kama mji, na mtaa wa mambo ya afya ukaitwa HotSprings. Wagonjwa wakahamia. Huyu aliandika jinsi alivyoacha kazi, yule jinsi mumewe alivyomwona mvivu.

Lakini ukurasa mmoja ni sauti ya mtu aliye peke yake shambani. Ndipo ikaja pete. Kijana wa Kimarekani, Sage Weil, alitengeneza mpango ulioitwa WebRing. Chini ya kila ukurasa kuliwekwa alama: bonyeza hapa uende kwa jirani wa mbele, au wa nyuma. Ukiendelea kubonyeza, unazunguka nyumba zote na kurudi ulikoanzia. Orodha ilitunzwa mahali pamoja, hivyo mmoja akitoweka, pete haikatiki. Msomaji aliyeingia kwa mgonjwa mmoja alitoka amewasikia kumi. Wa kwanza angeweza kumwita mwongo. Je, na wa kumi naye?

Sisemi pete pekee ilishinda vita. Hata mwaka 1999 wakaguzi wa serikali ya Marekani walikuta mamilioni ya dola ya utafiti wa ugonjwa huu yametumiwa kwa mambo mengine. Ilikuwa mwaka 2015 ndipo Taasisi ya Tiba ya nchi hiyo ilipotamka wazi kuwa huu ni ugonjwa wa kweli na mzito, wenye wagonjwa kati ya 836,000 na milioni 2.5 Marekani pekee. Na baada ya mwaka 2020, wengi walionusurika UVIKO-19 walibaki na dalili zilezile.

Na pete? Yahoo iliinunua GeoCities mwaka 1999, na mwaka 2009 ikaufunga mji mzima. Watu wa kujitolea waliwahi kuokoa sehemu tu. Waliojenga katika kiwanja cha kupewa, walibomolewa.

Ndugu msikilizaji, huku kwetu mtu wa namna hii huitwa mvivu, au husemwa karogwa. Pengine yumo nyumbani mwako. Hakuombi dawa usiyokuwa nayo. Anaomba uketi, umsikilize, umwamini.

Hadi juma lijalo, kwaherini.