Mchango wa Ulinzi: Nani Ashike Ufunguo wa Hazina?

Bila shaka umesikia kwenye taarifa za habari nchi za NATO zikivutana, nani anatoa nyingi na nani anategea. Juni 2025, mjini The Hague, viongozi wao walikubaliana kufikisha matumizi ya ulinzi asilimia 5 ya pato la taifa ifikapo mwaka 2035. Jee, wajua kwamba mzozo huu ni wa kale mno? Hebu twende Ugiriki.

Mwaka 478 kabla ya Nabii Issa (a.s.), baada ya Wafursi kufukuzwa, miji mingi ya Kigiriki ya visiwani na pwani iliungana chini ya Athens ili adui asirudi. Mwenye uwezo alitoa meli na watu, asiyeweza alitoa pesa. Kazi ya kupima kila mji utoe kiasi gani alipewa Aristides, mtu wa Athens aliyesifika hata akaitwa Mwadilifu. Jumla ya kwanza ilikuwa talanta 460 kwa mwaka, kama tani 12 hivi za madini ya fedha. Baitul-mali yao ikawekwa kisiwa cha Delos, si kwa mkubwa wao.

Mpaka hapo mambo yalikuwa sawa. Sasa tazama yaliyofuata. Miji mingi ilichoka na safari za vita, ikaona afadhali ilipe, watu wake wakae nyumbani. Pesa zile Athens ikaundia meli zake yenyewe. Naxos ilipotaka kujitoa, ilizingirwa hadi ikasalimu amri. Thasos ikaasi mwaka 465. Ilipigana zaidi ya miaka miwili, mwisho ikabomolewa kuta na kunyang'anywa meli. Yaani michango ya washirika ndiyo iliyolisha jeshi lililowapiga!

Mwaka 454 hazina ikahamishiwa Athens. Mwaka 447 ukaanza ujenzi wa hekalu la Parthenon. Plutarch anasimulia kwamba hata ndani ya Athens wako waliolalamika kuwa pesa za washirika zinapambia mji. Pericles akawajibu kuwa maadamu Athens inawalinda, haidaiwi hesabu. Kufikia 425 makadirio yalipita talanta 1,400. Mwaka 404 Athens ikashindwa vitani, na ushirika ukavunjika.

Ndugu yangu, NATO si Delos. Kule karibu kila nchi hutumia sehemu kubwa ya pesa zake za ulinzi kwa jeshi lake yenyewe. Lakini funzo liko pale pale. Aristides alipima kwa haki, na haki ya kipimo peke yake haikuwaokoa wanyonge. Kwa hivyo ukisikia washirika wakigombana, usiulize tu fulani katoa ngapi. Uliza pia ufunguo uko kwa nani, hesabu anatoa nani, na anayetaka kutoka ataachwa atoke?